Hakuna Kisanduku cha Eda

Mlio pamoja nami tangu mwanzo mnajua nilipowaachia: nimekaa eda katika nyumba ya marehemu mume wangu, hapa Bofu, Likoni, na shemeji yangu anasema eda hiyo si yangu.

Kwa anayenikuta leo, nitayasema kwa ufupi. Mahfudh alinipa talaka moja kwa hasira. Nami niliondoka kwa hasira zaidi, nikaenda kukaa kwa mamangu mdogo Kiembeni, na nambari yake nikaizuia isinifikie. Eda ya talaka ilipokaribia kwisha, zikiwa zimesalia saa chache niwe ajinabia kwake, mtu baki, alinirejea: alinirudisha kuwa mkewe. Hakuja mwenyewe wala hakumtuma mtu. Aliyasema maneno ya rejea kwa kinywa chake, akayarekodi, na kwa kuwa milango mingine yote nilikuwa nimeifunga, akayatuma kwenye barua pepe yangu ya kazini.

Mimi ni mkutubi wa chuo kimoja huko Shanzu. Kichwa cha barua yake aliandika: "Msomaji aliyechelewa na kitabu." Alijua hiyo nitaifungua.

Sikumwambia mtu. Nilitaka nirudi Bofu kwanza, kwa miguu yangu na kwa heshima yangu, watu waone kwa macho badala ya kuambiwa. Kabla sijarudi, lori lilimgonga Mahfudh huko Changamwe akitoka kutengeneza friji za watu. Simu yake ilisagika pamoja naye.

Nilikuja mazikoni kama mke. Awadh, nduguye mkubwa, akanipokea kama mtalaka. Shauri likafika kwa kadhi, naye akatoa neno la uadilifu: sauti hiyo, pamoja na tarehe iliyotumwa, aletewe Jumatatu. Ikithibiti, mimi ni mjane wa Mahfudh. Isipothibiti, mimi ni mwanamke aliyejikalisha matanga ya watu.

Sauti nilikuwa nayo. Kila baada ya sala ya alfajiri niliifungua barua ile, nikaisikiliza mpaka mwisho, nikaifunga.

Mtaniuliza kwa nini sikuinakili. Mfumo wa chuo hauruhusu kitu kilichoambatishwa kutoka nje ya sanduku lake. Kinasikilizwa humo humo. Ningeweza kumwita mtu airekodi kwa simu nyingine, lakini huko kungekuwa kumkaribisha asikie mume akimwomba mkewe. Nilijiambia atakayeisikia ni kadhi, na baada yake hakuna.

Alhamisi asubuhi ikanitoka mkononi.

Simu ilikuwa imenisumbua tangu mwanzo wa juma ikitaka kusasishwa. Tangazo la chuo nalo lilikuwa limeonya: simu isiyosasishwa haitafungua tena barua za kazi. Nikatii. Niliiacha kwenye chaji nikaenda kuoga, na niliporudi nilikuta imejizima na kujiwasha yenyewe, imegeuka sura kama mtu aliyenyoa ndevu alizokuwa nazo tangu umjue.

Nikagusa pa kufungulia barua. Haikufunguka. Palitokea maandishi: simu hii haijatimiza sera mpya ya usalama.

Niliyasoma masharti yote, maana kusoma ndiyo kazi yangu. Chuo kitaweza kuifunga simu kutoka mbali. Chuo kitaweza kuifuta simu kutoka mbali, pamoja na vitu visivyo vya chuo. Simu ilikuwa yangu, nimeinunua mwenyewe; lakini nilikuwa nimeikaribisha kazi ndani yake, na sasa mgeni alikuwa akidai funguo za chumba cha kulala.

Chini palikuwa na vitufe viwili. Kimoja kilisema nikubali. Cha pili kilisema niondoe barua za kazi katika simu hii.

Nikakubali. Ningefanya nini?

Yakatokea maandishi mengine: hatua ya mwisho ni kufika na simu yako mbele ya afisa wa teknolojia.

Afisa wa teknolojia wa chuo chetu ni Munga, mtu wa Matuga, mpole, mwenye mizaha isiyomkata mtu. Nikampigia.

"Munga, ni mimi Wardah, wa maktaba."

"Dada Wardah. Pole tena na msiba. Rudi upesi, maktaba imekuwa sokoni; kila mtu anajichukulia na hakuna anayeandika."

Nikamweleza habari ya simu. Sikumweleza kilichomo.

"Hiyo ni sera mpya," alisema. "Ndiyo imewashukia wote tangu simu zisasishwe. Njoo nayo ofisini, ni kazi ya kunywa kikombe cha chai."

"Nithibitishe kwa simu. Sauti yangu si unaijua?"

"Naijua. Na mwaka jana niliijua sauti ya mhasibu, nikamfungulia, kumbe si mhasibu. Nilisimamishwa mbele ya bodi kama mtoto wa madrasa aliyepoteza kibao. Tangu hapo ni lazima nione sura, nione kitambulisho, nione simu, vyote pamoja."

"Niko edani, Munga. Sitoki."

"Mpaka lini?"

Nikamwambia.

Akapiga mluzi. "Hiyo inaishinda likizo ya uzazi."

"Si likizo."

"Ndipo shida ilipo. Pascalia wa ofisi ya watumishi amehangaika na jina lako hadi huruma. Mfumo una likizo ya mwaka, ya ugonjwa, ya uzazi, ya masomo. Hakuna kisanduku cha eda. Lakini aliniambia amepata pa kukuweka, usiandikwe mtoro. Hilo usilitie moyoni."

Nilimshukuru Pascalia kimoyomoyo. Shukrani ile imenikaa kooni mpaka leo.

"Munga, barua ile naihitaji kabla ya Jumatatu. Nakuomba."

Nadhani alisikia kitu katika sauti yangu ambacho sikukusudia akisikie.

"Kesho nakwenda nyumbani Matuga," alisema. "Nikishavuka feri, kwenu ni njiani. Nitapita. Tena nitakuja ule mchana wa sala ya Ijumaa, maana saa hizo kivukoni hakuna msongamano na barabara ni nyeupe."

Nilipaswa kukataa hapo hapo. Mwanamume ajinabia, kwenye nyumba ya mwanamke aliye edani, katika saa ambayo kila mwanamume wa mtaa yumo msikitini. Yeye alikuwa amepima foleni ya feri. Angejuaje kwamba sisi tunapima macho ya jirani?

Nikasema, "Njoo."

Bi Mwanasaumu, mama yake Mahfudh, alikuwa uani anachambua mchele kwenye uteo. Tangu mazishi hakuwa amesema lolote juu ya shauri langu. Mwanawe aliye hai alisema moja, mkwewe alisema jingine, na yule ambaye angeamua baina yetu alikuwa kaburini.

"Mama, kesho kuna mtu atakuja."

"Mtu gani?"

"Wa kazini. Fundi wa kompyuta."

"Mwanamke?"

"Mwanamume."

Mikono yake ikasimama. "Wardah mwanangu, wataka Awadh apate la kusema bila hata kulitafuta?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza akiwa ameinama, kidole kikizungusha punje moja ya mchele.

"Kwa hivyo sauti ya Mahfudh imo mle ndani," alisema, "na ufunguo wake ni uso wako."

"Ndiyo, Mama."

"Autazame mwanamume wa watu."

"Ananiona kila siku kazini."

"Kazini si edani."

"Basi niende mwenyewe Shanzu. Sheria yaruhusu. Aliye edani hutoka mchana akiwa na haja."

"Sheria yaruhusu. Bofu hairuhusu. Awadh ashasema mbele ya watu: ukivuka kizingiti hiki umejihukumu mwenyewe. Utavuka, na kufika kivukoni habari zishakutangulia ng'ambo."

Alirudi kwenye mchele wake, akapeta, kisha akauliza bila kunitazama:

"Hiyo sauti yasikika vyema?"

"Vyema sana."

"Ni yeye khasa? Mana simu hizi zageuza watu."

"Ni yeye."

"Yuwakohoa kile kikohozi chake?"

"Anakohoa mwanzoni kabisa, Mama, kabla hajasema kitu."

Aliuweka uteo chini. Akajifuta uso kwa ncha ya leso, taratibu, kama mtu anayefuta vumbi la mchele.

"Naaje," alisema. "Mimi n'takaa baina yenu. Lakini nami nisikie. Nikishasikia kwa masikio yangu, Awadh n'tamnyamazisha mimi."

Ijumaa, adhana ilipokwisha na mtaa ukatulia, Munga alipiga hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi? Mbona kijana hivyo?"

"Nimezeekea ndani, mama."

"Haya, zeekea hapo kwenye kiti."

Mimi nilikuwa chumbani, nyuma ya pazia. Bi Mwanasaumu aliweka kigoda chake mbele ya pazia hilo akakaa, mgongo kwangu na uso kwa mgeni, kama mlinzi wa lango la bandari. Nilisikia Munga akifungua kompyuta yake.

"Sasa, mama, nahitaji kumwona."

"Kumwona wapi?"

"Usoni tu."

Pazia likainuka kiasi cha shubiri. Munga akainamisha kichwa ili anione.

"Ushaona? Basi." Pazia likashuka.

"Bado, mama. Sijalinganisha na kitambulisho."

"Wangapi wafanana naye?"

"Mimi sina neno, mama. Ni mfumo."

"Mfumo, mfumo. Huyo mfumo hana mamake akamfunza adabu?"

Likainuka tena. Munga akatazama kitambulisho, akanitazama mimi.

"Hapa kwenye picha ana wanja."

"Sasa haruhusiwi wanja. Mwanamke ni yule yule. Andika."

Nilikuwa sijatabasamu tangu mazishi. Nilitabasamu, nikaona haya kwa kutabasamu.

Simu ikaanza kupita chini ya pazia. Munga anaitazama, anampa Bi Mwanasaumu. Bi Mwanasaumu ananipa mimi, naweka kidole. Inarudi kwake, inarudi kwa Munga. Baada ya safari kadhaa mama mkwe wangu alisema amekuwa feri, na mbovu, maana hata ya Likoni hupumzika.

"Chagua nambari mpya ya siri, dada Wardah. Polepole. Ukikosea mara nyingi inajifuta yenyewe."

Niliziandika tarakimu moja moja. Nikaziandika mara ya pili kuthibitisha. Duara likazunguka, likazunguka, likageuka kijani.

Barua zikafunguka.

Ilikuwa pale pale nilipoiacha. Msomaji aliyechelewa na kitabu.

"Ipo?" aliuliza Bi Mwanasaumu.

"Ipo, Mama."

"Fundi, ahsante, Mungu akuzidishie. Hebu tutokee barazani kidogo."

Munga hakuuliza kwa nini. Nilisikia akiichukua kompyuta yake na kutoka. Bi Mwanasaumu akaingia upande wangu wa pazia, akakaa kitandani karibu nami, bega kwa bega. Nikaifungua sauti.

Kikohozi.

Mama mkwe wangu akanishika mkono.

"Assalaam aleikum, Wardah. Najua hapo ulipo umekunja uso. Endelea kuukunja, lakini usinifunge kabla sijamaliza. Leo nimeliunguza birika. Nimelitia jikoni, nikasahau kulitia maji, nikaenda zangu kulala. Nyumba yote ikanuka chuma. Nikajisemea, angekuwapo mwenyewe angeniuliza, Mahfudh, wewe watengeneza mabaridi ya watu, lako ni moto tu?"

Akacheka. Mahfudh alikuwa na kicheko kifupi cha puani, kama mtu aliyekatazwa kucheka akashindwa.

"Rudisha," alisema Bi Mwanasaumu.

"Mama?"

"Rudisha hapo alipocheka."

Nikarudisha. Akacheka tena.

Maneno ya rejea yalikuwa mwishoni. Nilipajua mahali pake kama ninavyojua rafu ya kila kitabu changu. Ningesogeza kidole kidogo tu kwenye kioo na tungefika.

"Mama, nikupeleke mwisho kwanza? Ndiko kwenye neno lenyewe. Kisha turudi tusikilize yote."

"Usimruke mwanangu."

"Mama, naogopa..."

"Nimemzika bila kumfunua uso, Wardah. Walinambia nisimtazame, hatazamiki. N'achie nimsikie akicheka."

Ningemwambia nini mama yule? Nikarudisha. Akacheka. Nikarudisha tena, bila kuombwa, kwa kuwa mkono wake ulikuwa umenikamata kwa namna ambayo sikuweza kuikataa. Machozi yalimtiririka, na uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtu aliyeona mgeni aliyemsubiri miaka.

Kisha sauti ikaendelea. Alieleza nyumba ilivyokuwa kimya. Alieleza jirani alivyomletea viazi vya nazi, akala peke yake, akaona havina ladha.

"Dada Wardah!" Munga aliita kutoka barazani. "Zima data! Zima simu, sasa hivi!"

Nilikitafuta kitufe cha kuzimia. Nilikipata.

"Sasa nisikilize vizuri, Wardah," Mahfudh alisema.

Kioo kikawa cheupe.

Nilikibonyeza kitufe mpaka ukucha ukauma. Simu haikujali. Ilibaki nyeupe, ikawa nyeusi, ikanguruma kidogo kiganjani mwangu, kisha ikawaka kwa rangi za kupendeza, kama siku niliyoitoa dukani.

Karibu, iliandika. Chagua lugha yako.

Munga alisema nasi akiwa nje ya mlango, hakuthubutu kuingia.

"Ni kisanduku," alisema. "Nimeona jina lako sasa hivi kwenye kompyuta. Pascalia alikosa pa kukuweka, akakuweka kwa walioondoka kazini. Nadhani alikusudia kukurudisha eda ikiisha. Hakufanya kwa ubaya, dada. Lakini simu ya aliyeondoka husafishwa. Amri ilikuwa inangoja tu simu ijiunge na mfumo. Mimi ndiye niliyeiunganisha."

"Na sanduku langu la barua huko chuoni?"

"Limefungwa nalo sasa hivi. Sidhani kama limefutwa. Lakini kufungua sanduku la aliyeondoka ni mpaka bodi iidhinishe, na bodi hukutana mwezi ujao."

"Kadhi ni Jumatatu, Munga."

"Kadhi?" alisema. Ndipo nilipokumbuka kwamba sikuwahi kumwambia. "Dada Wardah, mle ndani mlikuwa na nini?"

Bi Mwanasaumu bado alikuwa kitandani, mkono wake umeshika hewa pale ulipokuwa mkono wangu.

"Kwisha?" aliniuliza kwa sauti ndogo. "Ndiyo kwisha?"

Na kabla sijamjibu, nilisikia viatu vya makubadhi vikija uchochoroni, na sauti za wanaume waliotoka kuswali.

Awadh aliingia barazani akiwa na wazee wawili wa mtaa. Alisimama. Nilimwona kwa upenyo wa pazia: kanzu yake imepigwa pasi, tasbihi mkononi, na macho yake juu ya Munga.

"Ndugu, salama?"

"Salama," alisema Munga.

"Umekuja kumwona mjane au mtalaka? Mana sisi wenyeji bado twajiuliza."

"Ni mgeni wangu huyo," Bi Mwanasaumu alisema, akitoka chumbani.

"Mgeni wako, Mama? Saa ya Ijumaa?"

"Saa ya Ijumaa ndiyo saa nyumba hii haina kelele zako."

Mzee mmoja akakohoa kuficha kicheko. Awadh hakucheka. Alivua kofia, akapangusa kipaji, akaketi.

"Haya. Nambieni na mimi."

Munga, kwa kuwa ni mtu mkweli na hakuijua nyumba aliyoingia, alimwambia. Alimweleza sera, alimweleza kisanduku, alimweleza kioo cheupe. Alisema kosa ni lake. Awadh alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Imejifuta," alisema hatimaye. "Kadhi aitaka Jumatatu, nayo Ijumaa imejifuta."

Tasbihi ilizunguka mkononi mwake.

"Shemeji," alisema, akielekeza sauti kwenye pazia. "Wasema mimi ni adui yako. Wallahi si adui. Lau ndugu yangu alikurejea, ningekuweka kichwani pangu kama taji, na kila lililo lake likawa lako. Lakini tangu tulipomzika nasikia habari ya sauti. Sauti yenyewe sijaisikia. Leo nakuja nyumbani nakuta mwanamume barazani, na sauti haipo. Ungekuwa wewe ndiye mimi, ungesemaje?"

Nilifungua mdomo. Kwa haki ya Mungu, ningekuwa yeye ningesema yale yale.

"Mimi nimeisikia," alisema Bi Mwanasaumu.

Tasbihi ya Awadh ikasita.

"Umesikia nini, Mama?"

"Mahfudh. Nimemsikia akikohoa. Nimemsikia akieleza birika alilolitia moto bila maji. Kacheka. Wajua anavyocheka ndugu yako. Hakuna simu yaweza kumwigiza."

"Na rejea? Umemsikia akimrejea mkewe?"

Mimi niliyekuwa nyuma yake niliuona mgongo wake ukinyooka.

"Na rejea," alisema.

Nililishika pazia.

Jambo alilolisema lilikuwa kweli. Mahfudh alinirejea; nimelisikia mara zisizo na idadi, kila alfajiri, peke yangu na Mungu. Lakini yeye hakulisikia. Alichokisikia ni kicheko cha mwanawe, na kwa kicheko kile aliamini yaliyobaki. Kweli ilikuwa upande wangu, na njia pekee ya kuithibitisha sasa ilikuwa imepita katikati ya uongo wa mama mzee, aliyeusema kwa ajili yangu.

Awadh aliinamisha kichwa. Aliponena, sauti yake ilikuwa imelainika, na ulaini ule ulinitisha kuliko ukali wake wote.

"Mama, wewe hujapata kunidanganya. Kama umesikia, yamekwisha. Wazee hawa wawe mashahidi. Niapie hapa kwa msahafu, na Jumatatu uape kwa kadhi, na mimi leo leo n'tamwomba radhi shemeji yangu mbele ya mtaa. Sitaki zaidi."

"Bi mkubwa," mzee mmoja alisema taratibu, "kiapo ni kizito. Waweza kukataa, hakuna atakayekulaumu."

"Mimi nimekataa lini?" alisema Bi Mwanasaumu. "Teremsha msahafu, Awadh."

"Labeka, Mama. Tia udhu kwanza."

Mfereji wetu wa maji uko uani, na njia ya uani hupitia chumbani kwangu. Alilisukuma pazia akaingia. Hakunitazama. Alipita, akavua makubadhi, akachuchumaa penye ndoo, akachota maji kwa kata. Nikamfuata. Miguu yangu haikunitaka ruhusa.

Aliosha viganja. Akasukutua. Alipojaza tena maji mkononi, alisimama hivyo, kiganja kimejaa, maji yakimvujia katikati ya vidole.

"Wardah."

"Abee, Mama."

"Alisema maneno gani khasa? Nambie kama alivyoyasema yeye. Neno kwa neno."

Huko mbele nilisikia mlango wa kabati ukifunguliwa.

Maneno ya Mahfudh nimeyahifadhi yote. Mdomo wangu ulikuwa umekwisha kufunguka.